Njia ya Kurudi kutoka Rubwera

Tulipokwisha kumzika Advera, kule kwao Muleba, binti yake alinifuata kwenye benchi nilipokaa, akaniuliza swali moja tu, nami nikamdanganya. Mzee wa miaka sabini, kofia mkononi, namdanganya mtoto ambaye udongo wa kaburi la mama yake bado umemng'ang'ania kwenye viatu. Alikuja na birika la maji ya kunawa. Sikuwa nimewahi kumwona kwa macho, lakini sauti niliijua, maana alipokuwa mdogo mwaka mzima niliisikia kupitia ukuta wangu ikitoka kwenye simu.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mama.”

“Wewe ndiye Ta Petro wa Nkwenda?”

Nikamwambia ndimi; Ta kwetu ni heshima ya mzee. Akanimiminia maji taratibu, mkono mmoja kisha wa pili. “Mama alisema siku wale wageni wa kahawa walipokuja, wewe ulikuwepo. Eti komputa zilikataa. Kwa nini zilikataa?”

“Umeme ulikatika,” nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, Kemilembe wa watu, akasogea kwa aliyekaa pembeni yangu. Sasa nyuma ya benchi lile kulikuwa na wanawake wawili wanamenya ndizi, nao hawakujua kwamba mzee anaweza kukosa meno na bado akawa na masikio. Mmoja akasema, “Ndiye huyo alikuwa anasubiri mama yake aje kumchukua. Miaka kumi na moja.” Mwenzake akasema, “Nyamaza, mtoto anasikia.” Yule akajibu, “Asikie. Si kweli? Alimwacha mtoto akaenda kulea komputa, na komputa zenyewe zikamshinda.” Nikala ndizi zile zile walizomenya, na zilikuwa nzuri, sitasema uongo juu ya hilo. Uongo wangu wa siku hiyo ulikuwa mmoja na ulitosha.

Watu wakiandika habari za maisha yao huandika ujana. Mimi ujana wangu hauna la maana, nilichunga, nikalima, nikaoa, basi. Mwaka ninaotaka kuuandika nilikuwa nakaribia sitini, na nasema wazi kwamba huo ndio mwaka niliokua. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayesoma avumilie herufi zangu, na avumilie pia nikienda pembeni kidogo, maana mtu aliyezoea kusimulia kwa mdomo hawezi kupita njia moja bila kusalimia kila nyumba.

Advera alikuja Nkwenda masika yalipoanza, amekaa nyuma ya pikipiki, amekumbatia sanduku la chuma lililofungwa kwa blanketi. Nilidhani ni cherehani, kumbe ni komputa. Akapanga vyumba vyangu viwili vya mbele, ambavyo nilikuwa natunzia kahawa, na mpaka leo vyumba vile vinanuka kahawa kavu hata ukivipiga chokaa mara tatu. Alileta mkeka, jiko la mkaa, godoro, na picha ya mtoto iliyobandikwa kwenye kioo cha kujitazamia. Sanduku akaliweka juu ya meza yangu ya kulia chakula, nasi tangu siku hiyo tukawa tunakula chini. Likawa linavuma mchana kutwa kama nyuki kwenye mzinga wa mbali. Kazi yake ilikuwa hii: chama kimoja cha wakulima, ambacho sitakitaja kwa sababu kilishavunjika na wengine waliokuwamo ni marehemu, kilitaka kilo za kahawa zinazopimwa Kimuli zionekane papo hapo Rubwera kwa wakubwa, zikipitia Nkwenda kwenye ghala. Walimwambia, tuonyeshe kwanza kwamba inawezekana, ndipo tununue komputa na tukupe ajira. Yeye alikuwa na komputa moja tu. Basi ndani ya ile moja akatengeneza nyingine tatu.

Nilipomuuliza ziko wapi hizo tatu, alisema hazina mwili. “Zinaitwa mashine pepe, Ta Petro.” Mke wangu Yustina alikuwa mlangoni na sinia la ndizi na maharage. Alisikia mashine pepo. Akaweka sinia chini, akatoka, akarudi na kitabu cha nyimbo na mwinjilisti wa mtaa wetu, ambaye alitoka shambani na jembe lake begani.

“Yako mangapi?” mwinjilisti akauliza.

“Matatu,” Yustina akajibu. “Na mwenyewe ameyapa majina. Moja Kimuli, moja Nkwenda, moja Rubwera.”

“Afadhali matatu,” akasema mwinjilisti, “la Rubwera ndilo litasumbua. Rubwera kuna maofisa.”

Advera alicheka mpaka akakaa kwenye mkeka. Akawaeleza kwamba ni pepe, si pepo, kitu kinachofanya kazi kama kipo ilhali hakipo. Mwinjilisti akafikiri, akasema mbona hiyo ni imani tu, akala ndizi, akaondoka. Lakini Yustina hadi alipofariki aliliita lile sanduku “mapepo ya Advera”, na kila asubuhi alilifuta vumbi kwa upindo wa khanga yake.

Namba nilizijifunza kwa kusikiliza. Advera alikuwa na tabia ya kusema kila anachoandika, na mimi nilikuwa nakaa barazani nachambua kahawa, dirisha liko wazi. Kila mashine ilitaka anwani yake, namba nne zinazofuatana, na anwani haipewi mashine yenyewe bali kadi yake ya mtandao, ambayo ni kama sikio na mdomo kwa pamoja. Kimuli alikuwa na sikio moja: kumi, sifuri, moja, kumi. Rubwera sikio moja: kumi, sifuri, mbili, kumi. Nkwenda yuko katikati, kwa hiyo alikuwa na masikio mawili, moja la kusikilizia Kimuli na jingine la Rubwera, nalo hilo lilikuwa kumi, sifuri, mbili, moja. Nikawa naziimba kimoyomoyo kama zaburi. Siku moja alikosea, akasema Rubwera ni kumi, sifuri, moja, kumi, nikaita kutoka barazani, “Hiyo ya Kimuli, mama!” Akatoa kichwa dirishani. “Ta Petro, umesoma wapi mambo haya?” Nikamwambia, “Chini ya dirisha lako.” Tangu siku hiyo tukawa marafiki, na chai ya saa nne tukawa tunakunywa pamoja.

Ni yeye aliyenieleza habari ya njia. Alichukua buni tatu kwenye ungo wangu, akazipanga kwenye mkeka. “Huyu Kimuli hamjui Rubwera,” akasema. “Anawajua wa mtaa wake tu. Lazima nimwambie: ukitaka kwenda kwa akina kumi, sifuri, mbili, pitia kwa Nkwenda.” Hilo nilielewa, hata mtu akipotea unamwambia pitia kwa fulani. Kisha akagusa buni ya tatu. “Na huyu Rubwera naye nimwambie: ukitaka kuwajibu akina kumi, sifuri, moja, pitia kwa Nkwenda.”

Nikamwambia hapo unapoteza maneno. Sisi Wanyambo tunasema omuhanda, njia, basi, ni moja, ukienda nayo utarudi nayo. Aliyefika Rubwera kwa miguu yake atashindwaje kurudi?

“Komputa si mtu, Ta Petro. Barua inafika, inasomwa, lakini jibu linasimama mlangoni halijui pa kuelekea. Aliyeko Kimuli anaona kimya, anadhani amepuuzwa. Kumbe mwenzake anataka kujibu, ila hakuna aliyemwonyesha njia ya kurudi.”

Nikaitikia, lakini moyoni nikasema hii ni mizaha ya wasomi. Ninaandika hivi makusudi ili ieleweke kwamba niliambiwa. Sikuwa mjinga wa kutoambiwa.

Jumapili alasiri ndiyo ilikuwa simu. Mtoto alikuwa na miaka sita, anakaa kwa bibi yake mzaa baba, na bibi huyo alikuwa ametamka mbele ya ukoo kwamba mjukuu wake hatoki pale kwenda kulala na masanduku, mama atafute kwanza kazi inayoeleweka. Baba wa mtoto alikuwa amekwisha oa kwingine na hana neno. Kwa hiyo ajira ya chama kwa Advera haikuwa ajira, ilikuwa mtoto. Ukuta wangu ni wa matofali mabichi, na alikuwa anaweka simu kwenye sauti kubwa ili mikono ipate kufua.

“Mama, unakuja lini?”

“Komputa zikiongea, Kemi. Ya Kimuli ikiongea na ya Rubwera, nakuja siku hiyohiyo.”

“Bado hazijaongea?”

“Bado zinajifunza.”

“Mbona mimi nilijua kuongea haraka?”

Yustina alikuwa akisikia hayo anaacha kumenya, anajifuta macho kwa kiwiko, halafu ananigeukia mimi kwa ukali kama vile ndimi niliyemnyang'anya mtoto. Msimu wa senene tulipokaanga, Advera alijaza kopo moja, akalifunga kwa kitambaa. “Hili la Kemi, nitampelekea mwenyewe.” Kopo likakaa dirishani pembeni ya sanduku.

Siku moja kabla ya wageni, mchana, mashine zikaongea. Advera alipiga ukelele, tukaingia wote. Mistari ilikuwa inashuka kwenye kioo cha komputa, Kimuli anaita, Rubwera anaitikia, anaita, anaitikia. Yustina akauliza wanasemaje. “Wanasema upo? Nipo. Upo? Nipo.” Yustina akasema hayo ndiyo maongezi ya ndoa yenyewe, mengine nyongeza. Tukacheka. Ndipo Advera akaniambia neno ambalo nimelibeba. Alisema kuna namna mbili za kuipa mashine anwani na njia. Unaweza kuiambia kwa mdomo, yaani unaandika amri na inatii papo hapo, lakini inakumbuka mpaka umeme uondoke tu. Au unaiandikia kwenye faili lake, na hapo hata ikifa ikafufuka itakumbuka. Haya yote bado alikuwa ameyasema kwa mdomo tu. Aliogopa kuandika kabla hajaona yametulia, maana ukiandika kosa, kosa nalo linafufuka.

“Kwa hiyo sisi wa mdomo ni bure?” nikamuuliza, na nilikuwa nimeumia kidogo.

“Wewe huzimiki, Ta Petro,” akasema. “Zishike kichwani mpaka kesho. Asubuhi nitaandika.”

Akanisomea mistari yote, nikairudia. Mstari wa mwisho ulikuwa ule wa Rubwera kurudi Kimuli. Niliurudia kwa mdomo, lakini kichwani sikuuweka. Niliuona ni marudio ya ule wa kwanza, nikautupa kama mtu anavyotupa punje inayofanana na jirani yake.

Asubuhi hakuandika. Wageni walipiga simu kwamba gari lao limekwama kwenye tope na dereva hajui njia ya mkato, akaondoka mbio na bodaboda kwenda kuwachukua. Akiwa amekwisha panda akageuka, “Ta Petro, usiguse kitu. Kaa nalo tu.” Nikakaa nalo. Yustina alikuwa jikoni nyuma na ndizi za wageni. Saa nne mbingu ikawa nyeusi upande wa Kimuli, radi ikaanza. Wa kwetu wanajua. Radi ikipiga, redio inazimwa, kioo kinafunikwa, jembe linatolewa mlangoni, watu wanakaa kimya. Jirani yangu mmoja alikataa kuchomoa televisheni yake, ikapasuka mbele ya watoto. Radi ya pili ilitikisa bati, kopo la senene likaanguka. Nikalitazama sanduku, nikamwona Kemilembe kwenye picha, nikasema moyoni, likiungua hili, mtoto huyu haji. Nikashika waya nikachomoa. Lile vumo la nyuki likakoma. Nikafunika sanduku kwa blanketi lake, nikakaa pembeni nimeliwekea mkono kama mgonjwa.

Radi ilipopita nikachomeka. Taa ikawaka, nyuki wakarudi, nikafurahi. Mtu akilala akaamka si jina lake bado analo?

Walifika saa sita, wanaume watatu, mwenyekiti wao ni mtu mnene mwenye kofia ya pama. Yustina akawapa kahawa ya kutafuna, wakakaa. Advera akaketi mbele ya kioo, akaandika, na mgongo wake nikauona unabadilika. Akauliza bila kugeuka, “Imezimika?”

“Umeme ulikatika, mama,” nikasema.

Wakati huohuo ng'ambo ya barabara mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, nayo ni ya umeme. Mwanamke mmoja mweupe kwa unga alikuwa anapiga kelele dirishani kwetu akimwita mwenzake, “Njoo na mahindi yako! Leo umeme umetulia tangu alfajiri, haujakatika hata dakika!” Advera alisikia. Akainua kichwa, akatazama mashine ya kusaga, akatazama waya ukutani, akanitazama mimi. Akageukia kioo akasema, kwa upole, “Ta Petro, nisomee.”

Nikamsomea. Namba zilitoka. Kimuli. Nkwenda sikio la kwanza. Nkwenda sikio la pili. Rubwera. Njia ya Kimuli kwenda Rubwera. Nikaishia hapo. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda mbio, na mwenyekiti alikuwa anagonga meza kwa pete. Akamwita Nkwenda kutoka Kimuli, akaitikia. Akamwita Rubwera kutoka Nkwenda, akaitikia. Akamwita Rubwera kutoka Kimuli. Kimya.

“Binti, hapo panaonyesha nini?” mwenyekiti akauliza.

“Panasubiri.”

“Basi tumekuwa wengi tunaosubiri.” Wenzake wakacheka. Dereva akaingiza kichwa akasema wingu jingine linakuja, wakichelewa watalala kwenye tope. Mwenyekiti akasimama, akamshukuru Yustina kwa kahawa, akamwambia Advera ajitahidi. Ndizi hawakungoja. Gari likawaka.

Vumbi halikuwepo la kutulia, lilikuwa tope, lakini magurudumu yalikuwa bado hayajafika kona ya soko Advera alipojipiga paji la uso. “Ta Petro. Mstari wa mwisho uko wapi?”

“Upi, mama?”

“Wa Rubwera kurudi Kimuli.”

“Huo si uleule wa kwenda?”

Akauandika mwenyewe. Mstari mmoja, mfupi kuliko jina langu kamili. Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo, upo, nipo, upo, nipo. Alikimbia barabarani bila viatu. Akapiga simu, na mwenyekiti akajibu kwamba walichokiona wamekiona, asante. Aliporudi alikuwa na tope hadi magotini. Yustina akaleta maji akamwosha miguu kama mtoto, na lile sanduku likaendelea kujijibu peke yake mezani mpaka nikatoka nje nisilione.

Jumapili simu ikalia.

“Mama, zimeongea?”

“Zimeongea, mwanangu.”

“Basi unakuja!”

Upande wa pili wa ukuta maji ya kufulia yakakoma.

Alikaa kwetu hadi mwaka ulipokwisha, akapata kibarua Mwanza cha kutengeneza simu, akaenda. Mtoto alikuwa akimwona likizo, siku tatu, nne, bibi akiwa anahesabu. Kabla hajaondoka, Yustina, niliyekuwa nimemwambia ukweli usiku uleule, aliniambia kila siku, “Mwambie.” Nami nilijibu, “Nitamwambia kesho.” Asubuhi ya safari Advera alinishika mikono yote miwili. “Kosa lilikuwa langu, Ta Petro. Sikuandika.” Nikajua kwamba anajua, na kwamba amenifungulia mlango nipite. Nikasema, “Safiri salama.” Basi. Hayo tu. Alipiga simu kila Krismasi, akauliza afya ya mapepo yake, tukacheka, nikaahirisha. Mara hii ya mwisho simu yake ilipolia ilikuwa sauti ya kaka yake, ya kuniita mazishini.

Kemilembe, daftari hili nitalifunga kwenye karatasi ya kaki nimpe kondakta wa basi la Muleba, na jina lako nitaliandika juu. Umeme haukukatika. Nilichomoa mimi, kwa mkono wa kulia, nikiogopa radi. Na mama yako alipoomba mistari nilimpa pungufu, kwa sababu nilidhani najua kuliko yeye. Komputa hazikumshinda. Ziliongea siku moja kabla na ziliongea robo saa baadaye, mimi na marehemu Yustina tulikuwa hapo, tuliona. Alikuwa anakuja. Kopo lako la senene lilikuwa tayari. Wasomee hao wanaomenya ndizi.

Ule mstari ni huu, nauandika nisije nikazimika nao: kwa Rubwera, ukitaka kuwajibu akina kumi, sifuri, moja, pitia kwa Nkwenda, kumi, sifuri, mbili, moja.

Hapa ninapoandika wingu limetanda upande wa Kimuli, kumekuwa giza mchana, nimewasha taa. Radi imepiga mara mbili. Mkono umekwenda wenyewe hadi ukutani, nimeurudisha. Jirani ananiita, “Ta Petro, zima hiyo taa!” Namwambia ngoja kwanza, namalizia.